Kiti cha Karibu na Mlango

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi,
hayafichiki.
Kikohozi chenyewe je, mtu akifiche wapi?
Hapo walinyamaza.

Mimi nakificha kwenye ncha ya mtandio,
kwenye pipi ya mnanaa, kwenye kipande cha tangawizi
kilicholala chini ya ulimi tangu Duga.
Nakimeza kama tusi mbele ya mkwe.

Nayajua majengo ya Tanga kwa milango yake.
Benki ina miwili, ule wa vioo hukwama.
Ukumbi wa harusi pale Chumbageni, kaa mstari wa mwisho,
upande wa jikoni, masufuria yatakusitiri.
Posta kuna mwangwi. Posta siendi.
Kwenye hitima ya marehemu Mwanakombo
nilijizuia mpaka machozi yakanitoka,
wakasema, tazameni Bi Mwanshamba alivyompenda.
Na nilimpenda. Ila machozi yale
hayakuwa yake.

Kinaanza kama unyoya.
Mtu ananipapasa kooni kwa unyoya mmoja wa kuku,
taratibu, hana haraka.
Nahesabu. Nikifika saba huenda kimepita.
Sijafika saba tangu mwaka juzi.
Halafu bega linaruka, miwani inaruka,
benchi la watu sita linakuwa langu peke yangu.
Mama anamfunika mwanawe kwa ushungi.
Kijana anafungua dirisha kwa kiwiko.
Lakini Tanga tuna adabu:
"Pole, mama. Pole sana,"
na kwa kila pole, hatua moja nyuma.

Nina karatasi ya Bombo, nimeikunja mara nane.
Makohozi yamepimwa mara tatu, hakuna wadudu.
Zamani niliionyesha.
Nilimkunjulia mwanamke mmoja kwenye foleni ya luku,
akaisoma kwa mbali, mikono mgongoni,
kama asomaye tangazo la mnada.

Si wadudu. Ni singa.
Miaka kumi na tisa chumba cha brashi,
mkonge ukichanwa mpaka ung'ae kama nywele za biharusi
na vumbi lake likitafuta pa kulala.
Lilipata.
Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya,
kifua kimevimba kama mlango ulionyeshewa,
mnyapara Semboja akicheka,
"Jumapili mmekula nini nyie?"

Leo, ofisi ya mafao. Namba yangu sitini na mbili.
Kimenishika kwenye hamsini na nane.
Benchi likamwagika, kama kawaida.
Nimeinama, nasubiri roho irudi,
nikasikia kule nyuma, karibu na pipa la maji:
kikavu, mara tatu,
halafu mkia mrefu unaopiga mluzi.

Cha saruji ni kizito, kinashuka.
Cha sigara kina asubuhi yake.
Hiki nakijua.

Mzee wa kofia ya ukili, mguu wa miwani umefungwa uzi.
Sikumsalimu, Mungu anisamehe.
Nilimuuliza tu, "Shamba gani?"
Akainua kidole, ngoja,
akamaliza chake kwanza.
"Upande wa Muheza. Brashi. Na wewe?"
"Pongwe."
Akapiga benchi kwa kiganja, kaa.

Tukakaa wawili penye nafasi ya sita.
Akafungua kitambaa, akanipa karafuu.
"Usiitafune. Iache tu hapo, ikae kama mgeni."
Haikusaidia.
Tukakohoa, yeye, mimi, yeye,
kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja,
na kwa mara ya kwanza sikutazama mlango uko wapi.

Sitini. Sitini na moja.
Namba yangu ilipoitwa nilikuwa katikati.
Msichana wa dirishani akaita tena,
akatazama huku, akatazama karatasi zake,
akaita sitini na tatu.
Nikataka kuinuka. Mzee akanishika mkono wa buibui.
"Acha," akasema. "Kiishe kwanza."